Gauni la kitenge: kifua kinaenea, lakini mbele linapanda na kwapa linaachia. Pateni inarekebishwa wapi?

#1 Chikongola_Cherehani
Habari za kazi mafundi wa Kusini. Niko Mtwara mjini, naomba tuchambue pateni (karatasi ya kukatia) moja.

Vipimo vya mteja kwa inchi: bega 15, kifua 42, kiuno 34, hipsi 44, bega hadi chuchu 11½, chuchu kwa chuchu 8. Gauni la kitenge lenye mshono kiunoni, mkono mfupi, dati (mikunjo iliyochongoka inayoshonwa kulipa gauni umbo la mwili) za kiunoni mbele na nyuma. Nimechora kama wengi tulivyozoea: kifua gawa kwa 4, ongeza ½ ya kupumulia na inchi 1 ya mshono, jumla 12 kwa kila robo, mbele na nyuma sawa. Bega hadi kiuno 16½ pande zote. Shimo la mkono nimelishusha 10½, yaani robo ya kifua.

Alipojaribu, zipu imefunga vizuri. Ila mshono wa kiuno mbele umepanda inchi moja na nusu hivi na pindo la chini limeufuata. Mbele ya kwapa kuna uwazi unaoingia vidole viwili. Nyuma ya shingo kitambaa kimesimama, hakilali mgongoni. Kitenge kilifuliwa kabla ya kukatwa, kwa hiyo kurudi hakuhusiki.

Nirekebishe wapi kwenye pateni? Sitaki kubana bana nguo iliyokwisha shonwa.

#2 BiChaki_Lindi
Salama mwanangu. Kuna vipimo vitatu hujavitaja, na bila hivyo tutapiga ramli. Cha kwanza ni juu ya kifua: futi ipite chini ya kwapa, ipande juu ya matiti, izunguke mgongoni. Cha pili, mbele peke yake kutoka ubavu hadi ubavu, na nyuma peke yake. Cha tatu, bega hadi kiuno ukipitia juu ya chuchu, usinyooshe futi hewani.

Kifua 42 kinaweza kuwa cha mwanamke mwenye mgongo mpana na matiti madogo, au mwenye mgongo mwembamba na matiti makubwa. Futi inasoma namba ileile, ila pateni zao ni mbili tofauti.

#3 Kuchele_Mishono
Kwapa linaachia kwa sababu shimo la mkono limebana, kitambaa kinasukumwa kije mbele. Chimba kwapa nusu inchi zaidi, litatulia.

#4 Mkuti_Masasi
#3 ndugu yangu, hapo hapana. Shimo lake tayari limezidi kina. Kwapa likichimbwa chini, sehemu ya ubavu inayobaki chini ya mkono inakuwa fupi, hivyo mteja akinyanyua mkono gauni zima linanyanyuka naye. Kwapa linaloruhusu mkono kucheza ni lile lililo karibu na mwili.

Kosa linaanzia kwenye hesabu ya robo ya kifua. Matiti yakiongezeka, hesabu hiyo inazidisha kina cha kwapa wakati mifupa ya bega na kwapa haijabadilika. Pima mwilini. Mpitishie mteja rula au mkanda chini ya makwapa, ulale sawa mgongoni. Toka kwenye mfupa wa shingo nyuma shuka hadi kwenye rula. Ukipata 8, ongeza ¾ kwa sababu kwenye pateni tunaanzia pale bega linapokutana na shingo, ambapo pako juu kidogo ya ule mfupa, kisha ongeza ¾ ya nafasi. Inakuja 9½, siyo 10½.

#5 Chikongola_Cherehani
Shikamoo Bi Chaki, asante. Mteja amerudi leo. Juu ya kifua ni 38. Mbele ubavu hadi ubavu 23, nyuma 19. Bega hadi kiuno kupitia chuchu ni 18 mbele, nyuma 16½. Na #4, kwenye rula nimepata 8 kamili!

#6 BiChaki_Lindi
Marahaba. Basi jibu limejileta. Mbele inahitaji 18, wewe umempa 16½. Inchi 1½ imekosekana na ndiyo hiyohiyo iliyopanda kiunoni. Titi limeazima urefu kutoka chini.

Pateni nyingi huchorwa kwa mwili ambao kifua kinazidi juu ya kifua kwa inchi 2. Huyu anazidi kwa 4. Kwa hiyo chora mabega, shingo na kwapa kwa 38, ambayo ni pateni ya kifua 40, kisha umfungulie titi mahali titi lilipo. Ziada ni inchi 2 kwa mwili mzima, na kipande cha mbele ni nusu ya mbele, kwa hiyo kila upande unafungua inchi 1.

Fanya kwenye karatasi ya kaki. Weka alama ya chuchu inchi 11½ kutoka bega na inchi 4 kutoka mkunjo wa kati. Kutoka alama hiyo chora mstari wa kwanza kushuka wima hadi kiunoni, sambamba na mkunjo. Wa pili upande hadi theluthi ya chini ya shimo la mkono. Wa tatu uende ubavuni, inchi 2 hadi 3 chini ya kwapa. Kata wa kwanza kutoka chini, ukifika alama geuka na wa pili, simama kabla ya kutoboa mstari wa mshono wa kwapa ili ibaki bawaba nyembamba ya karatasi. Kata wa tatu kutoka ubavuni kwenda ndani, acha bawaba kwenye alama ya chuchu.

Sasa sukuma upande wa ubavuni utoke nje mpaka ufa wa kwanza uwe inchi 1 sawasawa kutoka chuchu hadi kiunoni. Ufa wa kwapa utafunguka kama mdomo wa ndege. Wa ubavuni utafunguka wenyewe, na hiyo ndiyo dati mpya. Utaona upande wa ubavuni umeshuka kuliko upande wa kati. Kata upande wa kati mlalo, chini ya titi, uushushe hadi kingo za chini zilingane. Ziba mianya yote kwa karatasi na selotepu.

Ukimaliza pima tena bega hadi kiuno. Ikiwa bado haijafika 18, kata mlalo mbele nzima kupitia katikati ya dati na shusha chini yote kwa tofauti iliyobaki. Dati itapanuka kiasi hichohicho na ubavu wa mbele utaendelea kulingana na wa nyuma.

#7 Sindano_14
Nyongeza: kwa ziada ya inchi 2 unafungua inchi 2 kwenye karatasi, maana kitambaa kinakatwa kimekunjwa.

#8 Mkuti_Masasi
#7 kinyume chake. Kwa sababu kimekunjwa, kila inchi unayoongeza kwenye karatasi inazaa mbili kwenye nguo. Ukifungua 2 mteja anapata 4, na gauni litakuwa kibegi. Bi Chaki kasema sawa, inchi 1.

Ufa ule umeongeza inchi 1 kiunoni pia kwa kila upande. Iondoe kwenye dati ya kiuno. Dati hiyo ikizidi inchi 1½ igawe iwe mbili, la sivyo ncha itatoka kama pembe.

#9 Sindano_14
Sawa mkuu, nimeelewa, nimechora nikaona.

#10 Mikindani_Vitenge
Mimi naona hamhitaji kukata karatasi vipande vyote hivyo. Tatizo ni robo sawa. Mbele ni 23, nyuma 19. Mbele nusu yake 11½ jumlisha ½ ni 12, nyuma nusu yake 9½ jumlisha ½ ni 10, kabla ya mshono. Jumla ya mwili mzima inabaki 44, ileile aliyokata, ila sasa kila upande umepata chake. Aliyokata ilikuwa 11 na 11, ndiyo maana mbele imepungukiwa inchi 1 na nyuma imezidi inchi 1 ambayo haina pa kwenda, ikapanda shingoni.

Uthibitisho ni rahisi. Mvalishe tena, mtazame kwa ubavu. Mshono wa ubavuni ukiwa umevutwa kwenda mbele, ugonjwa ni huo.

#11 BiChaki_Lindi
#10 hesabu yako ni nzuri na mshono wa ubavuni kwenda mbele ni dalili ya kweli. Lakini upana peke yake hautaleta urefu. Ukiongeza 1½ ya urefu mbele bila dati ya ubavuni, ubavu wa mbele utakuwa mrefu kuliko wa nyuma kwa 1½. Utaipeleka wapi? Fundi atauvuta mshono ulingane, kisha gauni lipinde. Na upana ukiuongeza ubavuni tu, unakaa chini ya kwapa, mbali na titi.

#12 Mikindani_Vitenge
Dati ya ubavuni sikatai, mama. Ninachokataa ni kufungua hadi kwapani. Dati ile ukiikata mlalo moja kwa moja kwenda chuchu na kushusha chini, inatosha kwa kitenge.

#13 Newala_Fundi
Mmesahau bega. Nyuma ya shingo kusimama na uwazi mbele ya kwapa vikija pamoja, mimi hutazama kwanza kama bega linashuka. Bega la kushuka huacha mikunjo ya mshazari kutoka shingoni kwenda kwapani. Jaribu kwa pini: bana mshono wa bega pale mwisho wake, karibu na mkono, ½ inchi, isipungue chochote shingoni. Mikunjo ikitoweka umepata jibu.

Kwenye pateni unashusha ncha ya bega ½ inchi mbele na nyuma, na unashusha chini ya kwapa ½ ileile, ili shimo libaki na umbo lake na mkono uingie. Wengi wanashusha bega wanasahau kwapa, baadaye mkono unabana na kosa linahamia kwa aliyechora mkono. Tena pimeni mabega yote mawili. Likishuka moja tu, kata kila upande kivyake, msikunje kitambaa.

#14 Kuchele_Mishono
Nimekubali la kuchimba kwapa, #4 umenishinda kwa hoja. Lakini sijamaliza. Nyie watu wa Lindi kila ugonjwa dawa yenu ni dati! Shimo la mkono na shingo ni mviringo, kwa hiyo sehemu yake imekatwa hanamu (mshazari wa nyuzi), siyo kwenye mtande wala mshindio. Hanamu hutanuka. Ukiinua kipande juu juu, ukakivuta kwenye cherehani, ukakiburuza kwa pasi ya mkaa nzito, kinatanuka kabla mkono haujaingia.

Chikongola, chukua futi uisimamishe kwa ukingo, pima mviringo wa kwapa la mbele kwenye karatasi, kisha kwenye kitambaa. Kikiwa kirefu kuliko karatasi, pateni haina kosa hapo.

Kinga yake: mara baada ya kukata, kabla ya kushona chochote, piga mshono mmoja wa cherehani ndani kidogo ya mstari wa mshono, shingoni na kwapani. Shingo anzia begani ushuke katikati, kisha bega la pili ushuke katikati, usizungushe moja kwa moja. Pasi iwekwe na kuinuliwa, isiburuzwe.

#15 Chikongola_Cherehani
Nimepima. Karatasi 11, kitambaa 11½. Kwa hiyo nusu inchi ni ya Kuchele. Mshono wa ubavuni nao kweli umeenda mbele karibu inchi moja, hiyo ni ya Mikindani. Pini ya begani nimeibana, mikunjo imepungua upande wa kulia tu, wa kushoto imebaki. Sasa nimezidi kuchanganyikiwa, kila mmoja ana haki yake.

#16 Mkuti_Masasi
Usitengeneze yote kwa pamoja, hutajua kipi kimesaidia. Kata nguo ya kujaribia kwa kitambaa cha marekani, bila mkono, bila zipu, piga bandi (mshono wa muda) ndefu. Rekebisha urefu wa mbele kwanza kwa sababu ndio unaoning'iniza vyote. Ukikaa sawa, nusu ya makosa mengine yanaweza kuondoka yenyewe. Upana ufuate, kisha bega. Shingo na kwapa mwisho.

#17 Nachingwea_Mitindo
Naingiza langu humohumo. Natumia pateni za kupakua mtandaoni, naprinti stesheneri. Saizi nachagua sawasawa na jedwali lakini nguo inatoka ndogo na kiuno kinakaa chini ya kiuno. Na za Burda mshono umeshahesabiwa ndani, sivyo?

#18 Sindano_14
#17 za jarida la Burda mshono haumo, unaongeza mwenyewe. Zenye mshono ndani ni za Simplicity, McCall's, Butterick na Vogue, sentimita 1.5. Ukikata ya Burda bila kuongeza, umepoteza sentimita 1.5 kila ukingo, nguo lazima ibane.

Pili, printa. Kila pateni ina mraba wa kupimia, wa sentimita 10 au inchi kadhaa. Mwambie wa stesheneri aprinti ukubwa halisi, asiruhusu mashine ibane ukurasa. Printi karatasi yenye mraba peke yake, pima kwa rula ya chuma. Mraba wa sentimita 10 ukitoka 9.7, pateni ya kifua 106 imekuwa 103 hivi.

Tatu, usigeuze inchi kwa kuzidisha 2.5. Ni 2.54. Inchi 42 ni sentimita 106.7, siyo 105, na kwenye jedwali la saizi tofauti hiyo inaweza kukuangusha saizi nzima.

#19 Newala_Fundi
Na kiuno kukaa chini: saizi za kawaida za Burda zimechorwa kwa mwanamke wa sentimita 168. Mteja wa sentimita 155 usimpunguzie kwenye pindo la chini tu. Kunja karatasi mlalo kati ya kwapa na kiuno, na tena kati ya kiuno na hipsi, kwa kadiri vipimo vyake vinavyodai. Baada ya kukunja, unganisha upya mstari wa ubavuni kwa rula ya kupinda, usiache ngazi.

#20 Mikindani_Vitenge
Hilo la kukunja katikati ni la lazima kabisa kwa kanga. Msimu wa unyago mafundi wanapokea doti kwa doti za sare, na kosa kubwa ni kufupisha chini. Ukikata chini umekata pindo, na kanga isiyo na pindo imepoteza sura. Pindo litangulie kuwekwa pale gauni linapoishia, jina lisomeke, kisha urefu wote wa ziada uondolewe juu, kiunoni au juu ya hipsi.

Upana nao una mpaka. Kanga moja ina kama sentimita 150 kwa 110. Hipsi zikiwa 48 na mtu anataka marinda, doti moja haitoshi, mwambieni mteja kabla ya mkasi.

#21 Nachingwea_Mitindo
Asanteni #18 na #19. Mraba wangu ni 9.6! Swali la mwisho: mkono. Kitenge hakinikubalii kuingiza mkono bila vikunjo juu ya bega.

#22 BiChaki_Lindi
Kichwa cha mkono chako, yaani mviringo wa juu unaoingia begani, kimezidi. Pateni nyingi hukipa inchi 1 hadi 1½ zaidi ya shimo la mkono, na sufu huimeza ziada hiyo kwa mvuke wa pasi. Kitenge cha pamba kilichofumwa kwa kubana hakimezi. Kiachie ½ hadi ¾ tu. Shimo likiwa 21, kichwa cha mkono kisizidi 21¾. Kupunguza, kunja karatasi ya mkono wima kutoka katikati ya kichwa, au shusha kilele cha kichwa robo inchi. Ukishusha kilele mkono unapata nafasi ya kunyanyuka lakini unakuwa na mikunjo chini ya kwapa mtu akisimama. Wa kanisani na wa shambani si mkono mmoja.

#23 Kuchele_Mishono
Nyuma kukiwa na makalio makubwa, sketi inapanda nyuma na mgongoni juu ya kiuno panajikunja kitambaa. Hapo mnafanyaje? Mimi napunguza mgongoni: kwenye karatasi ya nyuma nakunja ½ inchi katikati ya mgongo, inaisha sifuri ubavuni.

#24 Mkuti_Masasi
Hilo nalikubali kwa mgongo uliobonyea. Ila ukikunja hivyo, mstari wa kati wa mgongo haunyooki tena, kwa hiyo kipande cha nyuma hakiwezi kukatwa kwenye mkunjo. Lazima kuwe na mshono wa kati, weka zipu hapo. Kitenge cha maua makubwa kitakatika ua, panga mapema.

Kwa makalio unaongeza, hupunguzi. Kata sketi ya nyuma mlalo kwenye mstari wa hipsi, bawaba iwe ubavuni, fungua ¾ katikati. Pindo la nyuma litashuka likae sambamba na la mbele.

#25 Chikongola_Cherehani
Nimekata marekani kama alivyosema Bi Chaki, kwapa 9½, fungua inchi 1, kisha nikashusha hadi mbele ikafika 18. Kiuno kimekaa sawa pande zote! Shingo ya nyuma imelala. Uwazi wa kwapa umebaki kama robo inchi, kulia zaidi.

Tatizo jipya: dati ya ubavuni imefika inchi 2¼ upana, na nchani pametoka kijipembe hata baada ya pasi. Nimeishia palepale kwenye chuchu.

#26 Newala_Fundi
Hiyo robo ya kulia ni bega, nilisema. Shusha bega la kulia peke yake.

#27 Mikindani_Vitenge
Na kijipembe ni kwa sababu ya ufa wa kwapani uliopanua dati. Njia yangu ingekupa 1½ tu.

#28 BiChaki_Lindi
Dati haiishii kwenye chuchu, mwanangu. Irudishe nyuma inchi 1, kwa titi hili hata 1½. Inchi ya mwisho ishone karibu kabisa na mkunjo, na nchani usirudishe cherehani, acha nyuzi ufunge fundo kwa mkono. Kabla ya kukata ukingo wa ubavuni, kunja dati ifungwe ikitazama chini, kisha kata karatasi, ukingo utapata kile kichongo chake.

2¼ bado ni nyingi. Igawe iwe mbili zinazofuatana, za 1⅛ kila moja.

#29 Mkuti_Masasi
Au hamishia yote kwenye mshono wa prinsesi kutoka kwapani kupita chuchuni hadi kiunoni, dati ya ubavuni na ya kiuno zimezwe humo. Robo ya kwapani nayo ingemalizikia hapohapo. Kitenge chako kina maua ya ukubwa gani, na umebakiwa na yadi ngapi?

#30 Chikongola_Cherehani
Maua makubwa kama sahani, yadi 4. Kesho napiga bandi upande mmoja dati mbili, upande mwingine prinsesi, kwenye marekani ileile, avae nione.